Vitabu vya Kiingereza cha biashara: Maneno tele, maana haba

Kuna aina moja ya kitabu ambayo haikosekani siku hizi kwa wauza vitabu wa kando ya barabara jijini Nairobi. Aghalabu ni chembamba, jalada lake lina watu wawili waliovaa suti wakipeana mikono, na ndani mna ahadi kwamba baada ya wiki kadhaa msomaji ataweza kuketi mezani na mtu yeyote akajadiliana bei kwa Kiingereza safi. Anayekikosa kitabu hupata masomo yayo hayo kwenye simu yake: maneno kumi kwa siku, misemo ishirini ya kufunga biashara, njia kadha wa kadha za kumwambia mtu kwamba bei yake iko juu.

Wanaovisoma si watoto wa shule. Ni mama anayetaka kuuza maparachichi yake ng'ambo, kijana aliyeanzisha kampuni ya programu za kompyuta, fundi aliyeombwa kuingia zabuni kwa mara ya kwanza, mstaafu anayetaka kununua ploti. Ni watu wazima wenye haja ya kweli na muda mchache. Nimevisoma vitabu hivi kwa wingi, vingine vikiletwa na wanafunzi wanaotaka kujua kipi ni bora. Hukumu yangu ni hii: vingi vinafundisha maneno bila kufundisha maneno hayo yanafanya nini. Katika mazungumzo ya kawaida hiyo ni kasoro ndogo. Katika biashara, inaweza kumgharimu mtu shamba lake.

Nisieleweke vibaya. Sipingi Mkenya kujifunza Kiingereza cha biashara. Hata mtetezi wa Kiswahili aliye mkali kuliko mimi hujaza fomu za benki kwa Kiingereza. Ninachouliza ni kama kinachouzwa kwa jina hilo kinamfaa anayekinunua.

Tuanze na neno 'offer', maadamu hilo ndilo mlango wa kila biashara. Kiswahili cha mjini kimekwisha kulichukua, likawa ofa. Lakini ofa yetu ni kitu gani hasa? Ukiona bango la ofa dukani, unajua bei imepunguzwa. Rafiki akikuambia kwamba leo chai ni ofa yake, unajua hutalipa. Kwetu ofa ni hisani. Katika Kiingereza cha mikataba, 'offer' haina hisani yoyote ndani yake. Ni kauli ya mtu kwamba yuko tayari kufungwa na masharti aliyoyataja, mara tu mwenzake atakapoyakubali. Anayeandika barua pepe yenye neno hilo akidhani anamchangamkia mteja, kumbe ameshaingiza mguu mmoja ndani ya mkataba. Kitabu kinachotafsiri 'offer' kuwa ofa, kisha kikahamia neno la pili, kimemwacha msomaji pale pale alipokuwa.

Neno 'deal' nalo limechafuka njiani lilipokuwa likija kwetu. Dili ya Nairobi ina harufu ya magendo, na anayepiga dili hapendi jirani ajue. Kwa Mwingereza ni biashara ya kawaida, inayotangazwa magazetini bila haya.

Halafu kuna maneno ambayo kila aliyepita darasa la nane anadhani anayajua. 'Party' katika mkataba si karamu wala chama cha siasa. Ni upande mmoja wa makubaliano. 'Execute' si kunyonga mtu. Ni kutia saini hati na kuikamilisha. 'Security' si bawabu wa getini. Ni kitu kinachowekwa rehani ili mkopeshaji asipoteze chake. 'Principal' si mwalimu mkuu; ni kiasi cha deni kabla ya riba. 'Instrument' si gitaa, ni hati. Na 'consideration', neno ambalo vitabu vingi hulifasiri kuwa kuzingatia au kufikiria, mahakamani lina maana ya kile ambacho kila upande unatoa ili upate cha mwenzake. Hapo ndipo penye uti wa mgongo wa mkataba wa Kiingereza: ahadi tupu, isiyolipiwa kwa chochote, kwa kawaida haimfungi aliyeitoa isipokuwa imeandikwa kwa hati rasmi ya namna maalumu. Waswahili husema ahadi ni deni. Sheria ya mikataba tuliyorithi haisemi hivyo. Mtu anayejifunza Kiingereza cha biashara anahitaji kuambiwa tofauti hiyo kabla ya kuambiwa namna ya kutamka neno lenyewe.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kuzipanga kauli kana kwamba zina uzito mmoja. Chini ya kichwa kama "Namna ya kuomba bei ipunguzwe", utapata sentensi saba au nane zimepangwa kama mafungu ya sukuma wiki: chagua yoyote, zote sawa. Hazifanani hata kidogo.

Mwaka 1840 mahakama ya Uingereza iliamua kesi inayojulikana kama Hyde na Wrench. Wrench alijitolea kumuuzia Hyde shamba kwa pauni 1,000. Hyde akajibu kwamba atatoa 950. Wrench akakataa. Siku mbili baadaye Hyde akaandika kwamba, basi, amekubali zile 1,000 za kwanza. Wrench hakutaka tena kuuza. Mahakama ikasema hakuna mkataba: Hyde alipotaja 950 aliliua pendekezo la kwanza, na hangeweza kulifufua kwa nia yake peke yake.

Sasa linganisha na soko letu. Nenda Gikomba, Kongowea au Kibuye. Muuzaji anasema mia nane. Unasema mia tano. Anakataa. Unaondoka hatua tano, unageuka, unasema, "Haya, lete kwa hiyo mia nane." Muuzaji akikataa wakati huo, watu watamwona hana adabu ya biashara. Katika soko letu bei iliyotajwa haifi. Inakaa hai mpaka mnunuzi atakapopotea machoni. Katika mkataba wa Kiingereza inakufa papo hapo. Na usidhani hayo ni ya London tu. Kifungu cha 2 cha Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, kinaileta nchini sheria ya Uingereza ya mikataba ile iliyojengwa na maamuzi ya mahakama zao, pamoja na mabadiliko machache. Kwa hiyo kivuli cha Hyde na Wrench kinafika Kitengela, kinafika Kisumu, kinafika Kwale.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1880, ikaja kesi ya Stevenson na McLean, iliyohusu biashara ya chuma. Muuzaji alitaka shilingi 40 kwa tani, pesa taslimu. Wanunuzi wakapeleka simu ya maandishi wakiuliza kama angekubali bei hiyo kwa chuma kitakacholetwa katika muda wa miezi miwili, na kama sivyo, angewapa muda gani wa juu kabisa. Hawakupata jibu, wakakubali masharti ya kwanza. Kumbe muuzaji alikuwa amekwisha kumuuzia mwingine. Mara hii mahakama iliwapa ushindi wanunuzi. Walikuwa wameuliza tu. Hawakukataa pendekezo wala hawakuweka lao mahali pake, na swali haliui bei.

Angalia basi uzito wa sarufi. "Nitatoa 950" na "Je, kuna nafasi ya kupunguza?" zinaonekana ni njia mbili za kuomba kitu kimoja. Ya kwanza inafunga mlango nyuma yako. Ya pili inauacha wazi. Mswahili anaijua ile ya pili vizuri mno. Ndiyo maana matangazo ya magari na viwanja hapa kwetu huandikwa "bei inaongeleka", na watu husema "hebu tuongee" kabla ya kutaja hesabu yoyote. Mwalimu mzuri wa Kiingereza cha biashara angeanzia hapo: swali kwanza, hesabu baadaye. Sijaona kitabu kati ya hivi vya mitaani kinacholifafanua jambo hili, ingawa vyote vina sentensi za aina zote mbili.

Kasoro ya tatu ni kufundisha Kiingereza kana kwamba ni kimoja. Vitabu hivi hukusanya misemo kutoka Marekani na Uingereza, vikaichanganya katika chungu kimoja bila kumwonya mlaji. Mfano maarufu ni kitenzi 'to table'. Kwa Mwingereza, kuliweka jambo mezani ni kulileta lijadiliwe sasa. Kwa Mmarekani ni kuliahirisha. Winston Churchill aliandika katika historia yake ya Vita vya Pili vya Dunia jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu juu ya neno hilo, ilhali wote walikuwa wakitaka jambo lile lile. Kama hao waliozaliwa ndani ya lugha walipotezana, sembuse mkulima wa Murang'a anayeandikiana na wanunuzi wa mabara mawili? Hata hesabu imewahi kuwa na mgogoro wa namna hiyo: 'billion' ya Waingereza wa zamani ilikuwa milioni mara milioni, mpaka serikali yao ilipotangaza mwaka 1974 kwamba itafuata hesabu ya Wamarekani, yaani milioni elfu moja.

Pia kuna misemo ambayo maana yake haitoki katika maneno yake. 'Without prejudice' juu ya barua haimaanishi "bila ubaguzi" wala "bila chuki", kama nilivyoona imefasiriwa. Ni ulinzi. Anayeiandika katika barua ya kutafuta suluhu anasema kwamba, wakishindwa kupatana, aliyoyakubali humo yasitumiwe dhidi yake mahakamani. 'Subject to contract' nayo ni ngao: tumeelewana, lakini hakuna aliyefungwa mpaka mkataba rasmi utiwe saini. Maneno matatu kama hayo yana faida kuliko kurasa kumi za salamu na namna ya kupeana kadi za biashara. Lakini salamu ni rahisi kuandika, na kurasa lazima zijae.

Kasoro ya nne inaniuma kama mtu wa Kiswahili. Vitabu hivi humchukulia msomaji kama mtu asiyewahi kuuza wala kununua kitu maishani. Vinamfundisha kwamba majadiliano yana hatua, kwamba usionyeshe haraka, kwamba ujue utafanya nini mkishindwa kuelewana. Jambo hili la mwisho huletwa kwa kifupisho BATNA, kilichotokana na kitabu cha Roger Fisher na William Ury, *Getting to Yes*, cha mwaka 1981. Ni wazo zuri. Lakini bibi yangu alilijua bila kifupisho: usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kutoka nyumbani, jua una mkeka gani. Kama kitabu kingemwambia msomaji kwamba hiki ndicho kile unachokijua, ila sasa jifunze kukisema kwa Kiingereza, msomaji angelishika katika dakika moja na kuliamini.

Isitoshe, kuna mahali ambapo Kiswahili kinatofautisha kwa ukali kuliko Kiingereza, na mwanafunzi hupoteza tofauti hiyo anapovuka. Kwa Kiingereza 'deposit' ni pesa uliyoweka benki, na pia ni pesa uliyotanguliza kwa muuzaji ili asiuze kwa mwingine. Kiswahili kina amana kwa ile ya kwanza na arbuni kwa ile ya pili. 'Rent' kwa Kiingereza hutumiwa na mwenye nyumba na mpangaji. Sisi tuna kupanga na kupangisha, kukodi na kukodisha, na hakuna anayeweza kujificha nyuma ya kitenzi. Tuna kuazima kwa kitu kitakachorudi chenyewe na kukopa kwa kitakacholipwa kwa mfano wake. Nisome jembe na pesa kwa kitenzi kimoja, 'borrow'? Lazima nikubali kwa sababu ndivyo lugha ile ilivyo, lakini lazima pia niambiwe niangalie sentensi nzima ili nijue ni kipi kinachosemwa.

Haki itendeke: upande wa pili pia upo. Kiswahili chetu cha Kenya kinalitumia neno dalali kwa mtu anayetafuta mnunuzi na kwa yule anayenadi mali za waliolemewa na madeni. Kiingereza kinawatenga. Na mdhamini ndiye anayefadhili ligi ya kandanda, ndiye anayeketi katika bodi ya kusimamia mali ya shule, ndiye anayeahidi kulipa deni la mwenzake. Watu watatu, kazi tatu, hatari tatu tofauti, jina moja.

Hili la mdhamini linanifikisha kwenye kasoro ya tano, ambayo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Vitabu hivi vinafundisha maneno ya kuanzisha biashara na kuifurahia, lakini vinaruka maneno yanayofunga.

Mwalimu mmoja mstaafu wa kijijini kwetu aliombwa awe mmoja wa wadhamini watatu wa mkopo wa mpwa wake. Kiingereza chake ni kizuri. Alikifundisha miaka mingi. Aliisoma hati yote kabla ya kutia saini, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Alikuta humo maneno 'jointly and severally'. 'Jointly' akaelewa: kwa pamoja. 'Severally' akaihusisha na 'several', yaani kadhaa, akaona inakazia neno la kwanza tu: sisi kadhaa, kwa pamoja. Akahesabu kwamba mambo yakiharibika watagawana deni kwa tatu, na theluthi yake angeimudu. Mambo yaliharibika. Mkopeshaji hakuwaendea wale wawili wengine. Alimwendea yeye, kwa deni lote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kipande cha ardhi kinachoonekana. Maneno yale maana yake ni "kwa pamoja na pia kila mmoja peke yake". Mkopeshaji ana haki ya kumdai yeyote kati yao kila senti. Kweli, aliyelipa anaweza kuwafuata wenzake wamrudishie sehemu zao, lakini hiyo ni safari nyingine, yenye gharama nyingine.

Mwalimu huyo hakukosa Kiingereza. Alikosa neno moja la Kiingereza cha mikataba, neno ambalo lingemchukua mwandishi wa kitabu mistari mitatu kulieleza. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa harusi ilikuwa ya mpwa na matanga yakawa ya mjomba.

Na si watu binafsi tu wanaonaswa na neno. Wasomaji wa historia wanaukumbuka Mkataba wa Wuchale, uliotiwa saini Mei 1889 kati ya Menelik wa Ethiopia na Italia. Ulikuwa na nakala mbili. Kifungu cha 17 katika nakala ya Kiamhari kilisema Menelik anaweza kuitumia serikali ya Italia katika shughuli zake na mataifa mengine. Nakala ya Kiitaliano ilimlazimu. Kati ya "anaweza" na "lazima" kulikuwa na uhuru wa nchi nzima. Menelik aliukana mkataba huo mwaka 1893, na jambo likaamuliwa kwa mtutu wa bunduki huko Adwa, Machi 1896, Waethiopia waliposhinda. Kila mkataba wa Kiingereza unaoletewa leo umejaa wajukuu wa mgogoro huo: 'may' na 'shall'. Lenye 'may' ni hiari. Lenye 'shall', kwa kawaida, ni wajibu. Ukiona kwamba upande wao wote una 'may' na upande wako wote una 'shall', hujakaa mezani na mwenzako. Umekaa na bwana wako.

Najua nitajibiwa nini. "Profesa, hayo ni ya mawakili. Mtu akifika kwenye mkataba atafute wakili." Ni ushauri mzuri kwa mwenye pesa za wakili. Mikopo ya simu, mikataba ya kukodi kibanda, ya kuuza maziwa kwa kiwanda, ya kuajiriwa, hutiwa saini kila siku bila wakili kuwa karibu. Tena wakili huja mwishoni, wakati barua pepe zimekwisha kuandikwa na "nitatoa 950" imekwisha kutamkwa. Wengine watasema basi tuviache Kiingereza na vitabu vyake, tufanye biashara kwa Kiswahili. Moyo wangu uko huko, lakini akili inaniambia twende kwa hesabu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ilhali Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai bado inakifanya Kiingereza lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufani. Wenzetu Watanzania walibadilisha sheria yao mwaka 2021, wakakifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Sisi hatujafika hapo. Huduma za pesa za simu zimetuonyesha kwamba Kiswahili kinajua kuuza: M-Pesa ilianza mwaka 2007 na jina lenye neno letu ndani, na hata anayekopa kwa kupitisha salio lake huambiwa afulize. Jina la huduma likiwa tamu kinywani, masharti yake nayo yanapaswa kueleweka masikioni.

Kitabu ambacho ningekipendekeza kwa moyo mkunjufu kingekuwaje? Kingeanza na biashara ambayo msomaji anaijua, soko lake mwenyewe, kisha kimvushe. Kila neno kingelieleza kwa kazi yake: ukilisema, umejifunga au bado? Kingetenga maswali na mapendekezo, na kuonyesha kwa mfano jinsi moja linavyogeuka kuwa jingine. Kingetaja ni Kiingereza cha nchi gani. Kingetoa sehemu kubwa kwa maneno madogo yanayofunga: 'may', 'shall', 'severally', 'default', 'subject to'. Na kingemwekea msomaji Kiswahili kamili cha kila kifungu pembeni, si neno kwa neno, bali maana kwa maana, kwa sababu mtu hujadiliana vizuri kwa lugha ya kigeni akiwa anajua kwa lugha yake anachokitaka. Kazi hiyo si ya walimu wa Kiingereza peke yao. Ni ya wanasheria, wafasiri na wanaisimu wa Kiswahili kwa pamoja, na ningependa kusema pia, kila mmoja peke yake.

Mpaka kitabu hicho kipatikane, mpenzi msomaji, shika kanuni moja usiyohitaji kuinunua. Kabla hujatia saini, chukua hati hiyo umsimulie mtu wa nyumbani kwako kwa Kiswahili, kifungu baada ya kifungu: nani atafanya nini, lini, na asipofanya itakuwaje. Mahali utakapokwama, ukajikuta unasema "hapa sasa wanamaanisha kama..." , simama hapo hapo. Hapo ndipo mbuzi alipo ndani ya gunia. Rudi kwa aliyeiandika, umwombe alifungue mbele yako, na ukimuuliza, muulize kwa swali.